Boriti ya Popo

Paukwa!

Pakawa! Itikieni vizuri, hii imeanza na ugomvi.

"Shilingi mia tatu!" Shangazi yake Popo alikuwa akifoka mlangoni mwa Chuo Kikuu cha Wanyama. "Ada ya msaada! Nimeuza mapera msimu mzima. Msaada wenyewe uko wapi?"

Hapo zamani za kale, jamani, Mkuu wa chuo hicho alikuwa Tausi, ndege mwenye manyoya mengi kuliko akili. Popo alipojiunga alimweleza wazi: "Mzee, mimi hufikiri nikiwa nimening'inia, na kelele hunichoma masikio. Naomba boriti na kimya."

"Chuo hiki ni cha wote!" akajibu Tausi. Akampa mto wa kukalia. Mto, kwa popo! Popo akafeli.

"Boriti na kimya, mzee."

"Chuo hiki ni cha wote!" Akampa karabai la kummulika usoni. Popo akafeli.

"Boriti na kimya, mzee."

"Chuo hiki ni cha wote!" Akamfanyia sherehe, Siku ya Popo, kwa ngoma, tarumbeta na hotuba ndefu ya Tausi mwenyewe. Popo akalala mgonjwa, mabawa masikioni.

Sasa mtihani wa mwisho ulikuwa asubuhi ileile ya ugomvi. Akifeli tena, anafukuzwa.

"Mama, kijana wako ni mzito tu," akasema Tausi. "Wenzake huandika wamekaa. Kukaa kuna ugumu gani?"

"Na kuning'inia kuna ugumu gani?" akajibu Shangazi. " Boriti ya ukumbi ile pale. Ning'inia, usome sentensi moja. Ukiweza, tunaondoka."

Wanafunzi walikuwa wamejaa ukumbini, na Tausi mbele ya watu hajui kukataa. Akarukia boriti, akageuka kichwa chini, na ule mkia wa maringo wote ukamfunika uso, pu!

"Soma, msomi!" Fisi, mmoja wa wanafunzi, akaangua kicheko, na ukumbi mzima ukafuata.

"Sioni! Kichwa kinaniuma! Nyamazeni, nashindwa kufikiri!"

"Ala! Kumbe nawe unataka kimya?" akauliza Shangazi. "Au ni mzito tu?"

Wakamshusha. Akajikung'uta vumbi, akakohoa kikubwa: "Poleni sana. Nitaunda kamati."

Hadithi yangu imekomea hapo ukumbini, na neno la mwisho namwachia Shangazi:

"Pole yako kaa nayo. Nimelipia boriti na kimya. Nipe sasa hivi, kabla kengele ya mtihani haijalia."