Mwizi wa Vitambaa Sitini

Paukwa!
*Pakawa!*
Nimekuja na mji.
*Uweke tuukae!*
Mji una mwizi.
*Mtoe tumwone!*

Haya, sogeeni. Wewe unayekohoa, kohoa sasa umalize, nikianza sitaki kelele.

Hapo zamani palikuwa na mji ukiitwa Mwilini. Msiniulize uko wapi, kila mmoja wenu ameukalia wake. Mji ule ulikuwa na wapagazi wa kanzu nyekundu. Kazi yao kubeba makapu ya pumzi kutoka gulio la Mapafuni, kupeleka kila mtaa, mpaka juu kabisa, Kilima cha Kichwa, anakokaa mwenye mji. Pumzi isipofika Kilimani, mji umekwisha.

Humo alikaa Bi Mize, mkata vitambaa wa kikosi cha walinzi. Mjane, ulimi mkali, mkasi mkali zaidi. Mtoto wake mmoja tu, Salme, naye mpagazi. Kila Salme akijitwika kapu mabegani, mama humwambia, "Nenda urudi, mwanangu. Sina mwingine."

Siku moja mbu akatua ukutani, akatoboa, akatema mwizi. Jina lake Machepele. Hakusalimia mtu! Mbio mpaka nyumba kubwa ya Ini, akajifungia chumba cha ndani. Siku saba walinzi wakapita mlangoni wakisema, "Kumetulia." Kumbe ndani anazaana. Aliingia mmoja, wakatoka maelfu, wote Machepele.

Kila mmoja akadandia kapu, akajikunja humo, akaanza kula. Siku mbili anakula, ya tatu kapu linapasuka, anaruka yeye na wanawe, kila mtoto na kapu lake jipya. Na mji? Unatetemeka kwa baridi, kisha unawaka moto.

Lakini makapu yote hupita kichochoro cha Mzee Bandama. Mzee yule hana maneno. Anabonyeza tu. Kapu laini, pita. Kapu gumu, analichukua, na hulioni tena. Na kapu lenye mwizi ni gumu. Machepele akawaza, "Nikifika kwa huyu mzee, nimekwisha." Akatoa kamba kapuni, akalifunga kapu ukutani, mpagazi akanasa hapo hapo. Kamba akaivisha kitambaa, isionekane.

Sasa sikilizeni desturi ya walinzi wa Mwilini. Mwizi akionekana, kitambaa chake hupelekwa kwa Bi Mize. Anakata vipande, kila mlinzi anapata chake, anatembea nacho akilinganisha. Kinachofanana, kamata! Kisichofanana, pita zako.

Basi kikaletwa kitambaa cha maua. Kona yake moja imekunjamana vibaya. Jemadari Shaali, mkuu wa walinzi, mtu wa unadhifu kupindukia, akasema, "Bi Mize, kinyooshe. Walinzi wangu hawabebi makunyanzi."

Bi Mize akakipiga pasi, akakata. Kukata kukachukua siku nyingi, maana walinzi ni wengi. Wakatoka, wakakamata maua yote mjini. Mji ukapoa, watu wakapongezana. Mara kutoka vichochoroni ukasikika wimbo:

*Nitafuteni, nitafuteni,*
*wa jana si mimi wa leo!*

Kumbe Machepele kabadili, kafunga vitambaa vya madoa. Kikaletwa kitambaa cha madoa, kona imekunjamana. Bi Mize akapiga pasi, akakata. Walinzi wakakamata madoa yote. Mji ukapoa. Wimbo?

*Nitafuteni, nitafuteni,*
*wa jana si mimi wa leo!*

Kafunga vya mistari. Kikaletwa, kona imekunjamana. Bi Mize akashika pasi. Kabla hajaiweka, akakumbuka kwamba Salme hajarudi tangu jana.

Akaacha pasi, akaacha kitambaa, akatoka na mkasi mkononi. Akapita mtaa huu, mtaa ule, mpaka njia nyembamba chini ya Kilima cha Kichwa. Huko akakuta wapagazi wamenasa ukutani, safu nzima, njia imezibwa. Pumzi haipandi tena. Wa mwisho katika safu, Salme.

"Mama, usisogee! Yumo ndani, anakula. Leo siku ya pili."

Kamba ya Salme ilivikwa kitambaa cha miraba. Walinzi wawili wakapita na vipande vyao vya madoa. Wakalinganisha. "Hapana, si hiki. Samahani, binti," wakaenda zao. Jamani! Mwizi yuko mbele ya pua zao, nao wanaomba radhi!

Kapuni kukatoka sauti. "Mkata vitambaa! Ninavyo sitini. Kata, kata, mpaka mkasi uote kutu. Ukimaliza cha miraba nitakuwa nimevaa kingine. Na kesho kapu hili linapasuka."

Bi Mize akasogea hata hivyo. Akakishika kitambaa cha miraba, akakitazama, akafika kwenye kona. Imekunjamana! Akaifunua. Chini yake fundo, limezungushwa mara tatu, ncha imechomekwa kushoto. Akaenda kwa mpagazi wa pili, mwenye kitambaa cha nyota, akafunua. Mara tatu, ncha kushoto. Wa tatu, vivyo hivyo.

"Ewe Mize mpumbavu," akajiambia, "mara mbili umeletewa alama ya mwizi, mara mbili ukaipiga pasi!"

Akarudi kwa binti yake. "Salme, tua kapu."

"Mama, mpagazi hatui kapu njiani! Haijawahi kutokea."

"Leo itatokea. Nitakusukia jingine. Tua!"

Salme akachomoa mabega. Bi Mize hakukata kitambaa, alikata fundo. Kapu likang'oka, likabiringika moja kwa moja mpaka kwa Mzee Bandama. Mzee akabonyeza. Gumu! Akalichukua, na sauti ile haikusikika tena.

Mama akamkumbatia mwanawe, akalia, akafuta machozi, akamfuata Jemadari. "Toka leo sikati vitambaa. Nafunga mafundo. Kila mlinzi abebe fundo."

"Lakini mafundo hayanyooki, Bi Mize!"

"Ndiyo maana nayataka."

Walinzi wakabeba mafundo, wakafunua kila kona iliyokunjamana, wakalinganisha. Machepele akavaa nyota, wakakata fundo. Akavaa mawimbi, wakakata. Akavaa macho ya tausi, wakakata! Makapu yakabiringika kwa Mzee Bandama usiku na mchana. Njia ikafunguka, pumzi ikapanda Kilimani, moto ukazimika.

Mji ulipotulia Jemadari akasema, "Sasa mafundo tuyatupe, yanachafua ghala." Bi Mize akacheka, akamfundisha Salme kulifunga fundo lile na kulifungua, mara tatu, ncha kushoto, mpaka vidole vikalizoea.

Wamekwisha wote? Nani kasema? Mmoja alivua vitambaa vyake, hakufunga kamba yoyote, akakaa kimya karibu na ukuta. Mbu akatua, akanywa, akaondoka naye. Walipomwambia Bi Mize, hakuinua hata kichwa. "Siku akirudi, aje. Fundo lake ninalo."

Nilikuja na mji.
*Umetuachia!*
Nilikuja na mwizi.
*Mbu kamchukua!*
Na mbu kaelekea wapi?
*Kwetu!*
Basi mnangoja nini? Shusheni chandarua, hadithi imelala.