Jinsi Kiboko Alivyopata Cheo cha Mpumbavu

Hadithi!
— Na ije!
Ije mbio au ije ikijikongoja?
— Ije ijavyo, sisi tumeshakaa!

Basi hapo kale Kiboko ndiye aliyekuwa mkubwa wa bonde. Wenzake wakilima mpunga, yeye halimi. Wakipalilia, yeye hapalilii. Wakivuna, puu! huyo katoka majini, anakomba ghala zima.

Mwaka huo alianzia kwa Bi Kindi, mjane mwenye watoto wadogo. Bi Kindi alikuwa akitwanga, tu! tu! tu!, mara ardhi ikatikisika. Akawatazama wanawe, mbavu nje. Akapeta upesi, che! che! che!, mchele huku, pumba kule.

"Kindi we! Chakula changu kiko wapi?"

"Shikamoo, bwana mkubwa. Chagua mwenyewe. Hizi punje nyeupe tunakula sisi makabwela. Ila hii…" akanong'ona, "hii ni pumba. Haijapata kuliwa na mnyonge. Anayeila huitwa Mpumbavu."

"Mpumbavu?" Kiboko akalionja jina. "Lina uzito!"

"Mno, bwana."

Kiboko akabugia, bwaku! bwaku! Pumba zikamkwama kooni, machozi yakamtoka. "Tamu!" akasema. Angesemaje, na cheo keshakipokea?

Kesho yake akaamuru kila apitaye amwamkie kwa cheo hicho.

Akapita Nyani. "Shikamoo, Mpumbavu!"

"Marahaba!"

Akapita Swala. "Shikamoo, Mpumbavu!"

"Marahaba!"

Kenge alicheka mpaka akatumbukia mtoni, chubwi! Bonde zima likala wali, mkubwa akala pumba.

Lakini neno likaota miguu. Siku moja Kiboko akamsikia Mama Nyani akimfokea mwanawe aliyemwaga uji: "Mpumbavu we!"

Kiboko akafura. "Mtoto huyu kapewa cheo changu kwa lipi?"

Bi Kindi alikuwa karibu, akasogea upesi. Akikosea kujibu, wanawe watarudia kulala njaa.

"Una haki ya kukasirika, bwana," akasema. "Wanakuonea wivu. Piga marufuku!"

Kiboko akapanda kichuguu, akanguruma: "Kuanzia leo, bonde hili lina Mpumbavu mmoja tu! Naye ni mimi!"

"Naaam!" wakaitikia wote, kwa vigelegele.

Tangu hapo neno hilo watu hulitumia kwa kuiba: wagomvi kwa hasira, marafiki kwa utani. Na anayeitwa hivyo hukasirika, kwa kuwa katwikwa cheo cha wakubwa bila idhini.

Hadithi nimeitua hapo. Aliyeipenda aibebe, aliyeichukia anirudishie. Na funzo lake, watoto, ni hili: matusi ni mabaya, msimtukane mtu kamwe. Labda mkubwa mwenyewe awaamuru.