Firigisi ya Aliyeniokoa

Hapo zamani, yaani mwaka juzi, palikuwa na mchoma mkaa mmoja mjinga. Msimtafute mbali, ni mimi hapa. Moshi wa tanuru na sigara vilikuwa vimeniachia ugonjwa sugu wa mapafu, nami ugonjwa huo nikaufanya jibu la kila swali. Nikihema, kifua. Nikichoka, kifua. Moyo ukinienda mbio nami nimekaa tu, kifua.

Mke wangu Nyamizi akaona miguu imevimba hata ndala haziniingii. Akaibonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Akasema hicho si kifua, twende zahanati. Nikamjibu kwamba ndala zimesinyaa kwa jua. Miezi mitatu alisema, na miezi mitatu mimi nilikuwa daktari.

Kapela, mpinzani wangu wa bao, hakujua lolote la maradhi, alitaka kunicheka tu. Akatangaza mbele ya wachezaji wote kwamba naogopa sindano. Kesho yake asubuhi nilikuwa zahanati, tena kwa hasira.

Pale wote walinijua kwa kikohozi changu, wakataka kunipa dawa ileile niende zangu. Muuguzi mmoja, Sista Edina, akakataa. Akasema mapafu yakiugua muda mrefu, moyo nao huwa hatarini. Akausikiliza, akanipeleka hospitali siku hiyohiyo. Kule wakaniambia moyo unashindwa kazi, na ningechelewa wiki moja tu, mngekuwa mmeshanizika.

Nilipopata nafuu tukachinja jogoo, tukawaalika Edina na Kapela. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Nikajitia ukarimu, nikasema leo ataila aliyeniokoa. Mdomo wangu haujawahi kuniletea heri.

Edina akasema, "Wengine walisikiliza kikohozi. Mimi nilisikiliza moyo."

Kapela akasema, "Ungeusikilizia wapi? Bila kejeli yangu, huyu asingetoka nyumbani."

Nyamizi aliendelea kupakua. Kisha akasema bila kunitazama, "Baba Kalunde, nilikuomba miezi mitatu kwa mapenzi, hukunisikia. Ulisikia kejeli ya siku moja. Basi mpe huyo unayemsikia."

Nikaona aibu. Nilikuwa nataka kusema hata mimi nastahili, maana vidonge nilivimeza mwenyewe. Badala yake nikashika kijiko.

Haya jamani, kijiko kiko mkononi na wote watatu wananitazama. Je, firigisi ni ya nani?