Bi Pimbi na Bao la Jiweni

Hapo zamani za kale, zile za kale hasa, wanyama walipokuwa na mabaraza yao, na mtu akigombana na jirani hamchomi pembe bali anakaa naye kwenye ubao, aliishi Bi Pimbi juu ya jiwe kubwa lenye kivuli. Mwili wake kama andazi lililoumuka, mkia hana, na ulimi wake ungeweza kumenya muhogo.

Jiwe lile alilirithi. Marehemu baba yake alilichimba mashimo ya bao, safu nne, akayasugua kwa mchanga mpaka yakawa laini kama ndani ya kijiko. Enzi za mzee huyo, alasiri ikifika hupati pa kutia mguu. Kete zinalia ta, ta, ta. Watazamaji wanabishana kuliko wachezaji. Anayeshindwa anachekwa mpaka mlangoni kwake, na kesho yake anarudi wa kwanza.

Mzee alipokufa, Bi Pimbi aliwatawanya wote. Alisema wanammalizia uji na kumwachia maganda ya karanga. Akatandaza kisamvu juu ya mashimo ya bao kikauke, na jiwe likanyamaza. Hakujuta hata kidogo. Ndivyo alivyojiambia kila alasiri.

Basi kiangazi kimoja, jua limekuwa kali mpaka mijusi inatafuta kivuli, wakaja watu watatu. Mbele Bwana Nyati, mwenye shingo nene na subira nyembamba. Ubavuni Fisi, msemaji wake, maana Nyati akisema mwenyewe hutoa pumzi tu. Nyuma, polepole, Mzee Tembo.

Fisi akaeleza kwamba jiwe kubwa halimfai mtu mdogo. Wakubwa wanataka kivuli cha kulala. Bi Pimbi achukue kisamvu chake na watoto wake, ahamie bondeni, kwenye nyasi.

Chini ya jiwe lile kulikuwa na nyufa, na ndani ya nyufa walilala wanawe. Nyasi za bondeni hazina ufa, na juu ya bonde lile Tai alizunguka kutwa nzima. Tai hamuulizi mtoto wa pimbi jina lake.

Lakini hofu hiyo hakuionyesha usoni. Akaendelea kugeuza kisamvu.

"Desturi mnaijua," akasema. "Anayetaka kiti cha mwenzake hukaa naye kwenye ubao. Mgeni huchagua mchezo, na mwenyeji akishindwa hata mmoja, anahama. Au siku hizi tumekuwa washenzi?"

Nyati akamtazama Tembo. Tembo, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, akasema desturi ni hiyo, na haikufa.

Fisi akajitokeza kwanza. Bi Pimbi akaanza kuondoa kisamvu juu ya bao, akimwambia achague bao, maana kwake hakuna mchezo kama huo. Hakuna bahati wala kificho, kete zote ziko wazi, mwenye akili ndiye anayeshinda.

Fisi akajikuna. Mchezo wa mwenye akili haukumpendeza.

"Alimradi usichague dama," Bi Pimbi akanong'ona, kama mtu aliyejisahau. "Dama siipendi. Mtu anakula tu, anakula, hata akitaka kuacha haruhusiwi. Ukiona cha kula ni lazima ule."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Lazima?"

"Lazima. Ndiyo sheria yake."

"Shangazi, mimi nachagua dama."

Wakachora ubao kwa mkaa, wakapanga vigae. Bi Pimbi akasogeza kigae kimoja mbele ya Fisi kama mtu anayepakua. Fisi akakila, nyam! Akasogeza cha pili. Fisi akala. Cha tatu Fisi alikiona kimewekwa vibaya, na hata yeye akashtuka kidogo, lakini sheria ni sheria, na mate nayo yalikuwa yanamdondoka. Akala. Mstari wake wa nyuma ukabaki wazi kama mlango wa nyumba iliyohamwa, na kigae cha Bi Pimbi kikaruka, tap, tap, tap, tap, kikapita na mali yake yote.

"Mchezo gani huu," Fisi akalalamika, "unaomlazimisha mtu kula?"

"Na wewe tangu lini ulilazimishwa?"

Nyati hakucheka. Akamsukuma Fisi kwa bega na kuketi, akitaka mchezo ambao hautamwumiza kichwa. Dama ameiona, bao lina hesabu. Bi Pimbi akashusha pumzi, akasema basi upo mmoja, ludo, lakini ule ni wa wenye mikono ya nguvu. Mtu anatupa dadu, ubao unatii. Kufikiri hakumo kabisa. Hata mtoto humshinda babu yake.

Nyati akasema ludo. Alipenda kusikia nguvu ikitajwa.

Wakatandika mkeka wenye nyumba za rangi. Bi Pimbi akataja sheria zake mbele ya Tembo. Hakuna kutoka nyumbani bila sita, na dadu ikitoka nje ya mkeka haihesabiwi, ni zamu ya mwenzako. Nyati akaitikia kwa pua. Sheria ndogo kama hizo zilimpita.

Akatupa. Dadu ikaruka mkeka, ikagonga jiwe, ko! ikatumbukia ufani. Watoto wa pimbi wakaileta mbio. Akatupa tena. Dadu ikaenda kugonga paji la Fisi. Nyati hakujua kutupa kitu taratibu, na kila ilivyotoka nje ndivyo alivyokasirika, na kila alivyokasirika ndivyo ilivyokwenda mbali.

Lakini msidhani Bi Pimbi alikuwa anastarehe. Dadu haina shukrani. Yeye aliitupa kwa adabu, nayo ikampa mbili. Akaitupa, ikampa moja. Akaibembeleza mkononi, ikampa mbili tena. Kete zake zote zilikuwa zimefungwa nyumbani kama za Nyati. Hapa akili haikumsaidia kitu. Nyati angetulia mara moja tu, akapata sita, yeye angeweza kushindwa na fahali asiyejua kuhesabu.

Na kweli Nyati akajaribu kutulia. Akaisukuma dadu kwa mdomo, taratibu, ikabaki mkekani. Ikaonyesha moja. Fisi akaangua kicheko, maana ndivyo alivyoumbwa. Nyati akapandwa na ghadhabu, na tangu hapo hakuna dadu iliyobaki mkekani. Bi Pimbi akaja kupata sita yake, akatoka, akazunguka peke yake kama mtu anayefagia uwanja wake, akaingiza kete zote nyumbani. Nyati akaondoka bila kuaga. Fisi akamfuata, akiwa mbali kidogo.

Akabaki Mzee Tembo.

"Mimi nachagua bao," akasema.

Huyu hakuhitaji kudanganywa achague, na hilo ndilo lililomtisha Bi Pimbi. Katika bao hakuna dadu ya kulaumiwa, na Tembo hasahau. Kete ikipita mbele ya macho yake, imeandikwa. Tena alikuwa akicheza na marehemu juu ya jiwe hilihili, tangu yeye Bi Pimbi akiwa mtoto wa kubebwa.

Wakafuta mashimo, wakapanga kete. Ta, ta, ta. Sauti ile ilipolia juu ya jiwe, Bi Pimbi akageuka kama anayemtafuta baba yake. Hakuwa na nafasi ya mambo hayo. Tembo alikuwa anamla. Kila alipokimbiza kete, mkonga ulizifuata. Jua lilipofika utosini, akaona wazi kwamba zamu yake ikipita, zamu ya Tembo inayofuata itamaliza bao. Watoto wake walikuwa wanachungulia ufani, na kivuli cha Tai kilipita juu ya jiwe, kikarudi.

Akainua macho. "Mzee wangu, nikumbushe. Mwenye zamu anaharakishwa?"

"Haharakishwi, mwanangu. Bao halina haraka."

"Na anayeinuka kabla ya bao kwisha?"

"Ameliacha. Ameshindwa."

"Ahsante. Nilitaka kuhakikisha."

Akashika shavu. Akaanza kufikiri.

Akafikiri. Jua likasogea, kivuli kikawaacha, jiwe likachemka kama kikaango. Pimbi huweza kulitazama jua bila kupepesa, na maji yake huyapata kwenye majani. Akatafuna kisamvu kidogo, akaendelea kufikiri. Tembo akapepea masikio, pwa, pwa. Akameza mate. Akabadili mguu.

Bi Pimbi, bila kugeuka, akawaita wanawe waoshe vyombo hapo karibu, wasiende mbali. Chubwi, chubwi, chubwi. Maji yakamwagika kutoka kwenye kata, yakatiririka juu ya jiwe, yakapita mbele ya mkonga wa Tembo kabla ya kukauka.

"Hujapata pa kucheza?" Tembo akauliza, sauti imekauka.

"Ninakaribia, mzee wangu."

Chubwi, chubwi.

Tembo akatazama kete zake nzuri, akamtazama yule andazi aliyeshika shavu, akatazama mto kule chini. Akainuka. Akateremka, na ardhi ikasikika ikitetemeka kwa haraka aliyokuwa nayo.

Watoto wakashangilia. Bi Pimbi akawafukuza wakaanue vyombo. Kisamvu kilikuwa kapuni, na mkono wake ukaenda kukichukua akitandaze, halafu ukarudi.

Jioni Tembo akarudi, amelowa, mkonga unadondosha maji. Akakuta kete hazijaguswa, kila moja shimoni mwake.

"Ningekumaliza," akasema.

"Najua. Shimo lile pale."

Tembo akaanza kutikisika tumbo, akicheka bila sauti. "Baba yako alinifanyia hivihivi. Kiangazi, jua kama hili. Akashika shavu. Wewe ndiye uliyekuwa unaosha vyombo."

"Na hukukumbuka? Wewe usiyesahau?"

"Nilikumbuka uliposhika shavu. Lakini kiu haina kumbukumbu." Akalipapasa jiwe kwa mkonga. "Mimi sikutaka jiwe, mwanangu. Hao wenzangu walitaka kulala. Mimi nilitaka mtu wa kucheza naye. Tangu mzee afe hujatuita."

Bi Pimbi akatazama pembeni. Alitakiwa kusema jambo la maana, lakini hakuwa na kipaji hicho. Akasema, "Mlikuwa mnamaliza uji."

"Nitakuja na karanga."

"Na maganda uondoke nayo. Haya kaa, jiwe umeshaliacha, lakini zamu yangu bado."

Akacheza. Tembo akammaliza palepale, kama walivyojua wote wawili, na Bi Pimbi akamtukana kwa furaha. Kesho yake alasiri walikuja Digidigi na Kobe, keshokutwa yake akaja hata Fisi, akiuliza kama dama ipo. Kisamvu kikahamia kukaukia kwingine, na jiwe likaanza tena kulia ta, ta, ta.

Hadithi yangu nimeiweka shimoni mwake, na mchukue hili: kabla ya kuuchagua mchezo, jiulize kama mchezo huo unadai kwako kile ulicho nacho, au kile unachokosa.