Supu ya Makongoro Iliyolala

Supu ikilala husimama. Hayo ndiyo maneno mliyoyasikia juzi kwa Mzee Kiswaga, alipomkataza fundi kukanyaga sakafu ya saruji aliyoimwaga asubuhi yake. Mlicheka njia nzima, kisha mkaja kuniuliza supu inalala wapi, na ina miguu ya nani ya kusimamia.

Methali hii ilianza hivi. Alinihadithia shangazi yangu Twilumba, mwaka ule nilioacha shule nikiwa darasa la nne, sisi wawili tukichambua maharage kwenye ungo mmoja. Yeye alikuwepo. Mimi sikuwa nimezaliwa.

Zamani hizo pale Mtelela, juu kabisa kwenye baridi ya Njombe, palikuwa na hospitali ndogo, na daktari wake alikuwa mama wa Kirusi. Jina lake Zinaida. Watu wa kanisani walipolisikia walitazamana, maana ukilikata vibaya jina hilo linakuwa dhambi. Kwa hiyo wakaacha mwanzo wakashika mwisho, wakamwita Mama Ida, naye akaitika. Aliishi nyuma ya hospitali pamoja na Warusi wengine watatu waliokuwa wakichimba visima, na shangazi ndiye aliyewapikia.

Alijifunza vyakula vyao kimoja kimoja. Supu nyekundu ya bitiruti na kabichi, ambayo siku ya kwanza alidhani mtu amejikata kidole ndani ya sufuria. Pelmeni, nyama iliyofungwa ndani ya unga kama sambusa iliyonyimwa mafuta ikatupwa kwenye maji. Mkate mweusi, ambao kwa kukosa nafaka yao aliuoka kwa unga wa ulezi, na Warusi wakaula wamefumba macho. Vipande vilivyobaki vya mkate huo vilikaushwa, vikalowekwa na sukari siku mbili, ikawa kvasi, kinywaji kichachu chenye povu. Shangazi alisema hiyo ni togwa iliyozaliwa ugenini. Chai ilitoka kwenye samawari, na badala ya kutia sukari walilamba jamu kwa kijiko, watu wazima na ndevu zao.

Kilichomshinda ni makongoro. Mama Ida alimwagiza achemshe kwato za ng'ombe kutwa nzima kwa moto mdogo, achambue nyama, atie kitunguu saumu, achuje, amimine kwenye sinia na kuliweka stoo. "Lala," akasema, maana Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache. Asubuhi shangazi akafungua stoo, akakuta supu haimwagiki. Ukitikisa sinia, inatetemeka kama shavu la mtoto. Akajua imeharibika. Akaiokoa: akairudisha motoni mpaka ikawa supu tena, akaipeleka mezani inatoa mvuke.

Mama Ida alichovya kijiko, kikazama.

"Twilumba, umeamsha," akasema. "Supu lala, ndiyo simama. Wewe amsha, yeye anguka."

Baadaye akamfundisha upya. Supu ile huachwa igande kwa baridi, ikatwe vipande kama mkate, iliwe hivyo hivyo na haradali inayopanda puani.

Sasa shikeni neno hilo, lala, maana ndilo lililotaka kumponza mtu.

Mtu mwenyewe ni Lukelo, mdogo wake shangazi, kijana wa miaka ishirini, mpasua mbao. Mwanzoni mwa mwezi wa saba gogo liliteleza likamvunja paja. Mama Ida akamlaza wodini, akaufunga mguu kwa kamba. Kamba ikapita juu ya kigurudumu mwisho wa kitanda, na huko ukaning'inia mfuko wa mchanga, ili uzito wake uuvute mfupa ukae mahali pake. Asinyanyuliwe mpaka ziishe wiki kumi. Mama yao, bibi yangu Semgaya, akatandika mkeka kando ya kitanda, lakini hakuulalia. Alikaa juu yake kitako, mchana na usiku, ameshika ncha ya shuka la mwanawe. Akisinzia, alijifinya.

Wiki ya tatu alimuuliza daktari mguu unaendeleaje. Mama Ida akatabasamu, akasema, "Mguu lala. Lala vizuri."

Nyie mnajua kwetu mtu mzima akifariki hatusemi amekufa. Tunasema amelala. Na babu yangu alikuwa amelala katika hospitali nyingine, miaka miwili tu nyuma. Bibi hakuuliza tena, wala hakuthubutu kuugusa mguu ule. Mguu uliokufa hukatwa, na mpasua mbao wa mguu mmoja ni mtu wa kulishwa. Akatuma ujumbe kwa kaka yake, Mjomba Mgaya, maneno mawili tu: mguu umelala.

Kesho yake alasiri mjomba aliingia wodini na wanaume wanne, na machela ya miti miwili mibichi iliyofungwa blanketi. Shangazi alitoka jikoni mbio, mikono inanuka kitunguu saumu.

"Kamwene, Mjomba. Hiyo machela ni ya nani?"

"Kamwene. Ni ya mwenye mguu. Namchukua Lukelo nimpeleke kwa mzee wa bondeni anayeunga mifupa. Kwake mtu anatembezwa siku ya tatu."

Nesi alikuwa mmoja tu siku hiyo. Akasimama kati ya machela na kitanda. "Mzee, mfupa ndiyo kwanza unaanza kushikana. Mkimbeba maili nane za milima utaachana, na ncha yake itakata mshipa. Hapo mguu utakatwa kweli, kama mwenyewe atapona."

"Daktari yuko wapi aniambie yeye?"

"Yuko chumba cha upasuaji na mzazi. Hawezi kutoka."

"Basi tusimsumbue." Mjomba akachomoa panga kiunoni, akaliweka makali juu ya kamba. Mfuko wa mchanga ukacheza kidogo.

"Mjomba, mguu unauma," Lukelo akasema kutoka kitandani. "Uliokufa unauma?"

"Baba yako naye alikuwa akisikia maumivu. Nilimpeleka hospitali anatembea, nikamrudisha ndani ya mbao. Kila asubuhi waliniambia alale, apumzike. Akalala."

Bibi alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mkeka wake. Shangazi akatazama panga, akaona halitulii mkononi, akaelewa kwamba mtu huyu hana hasira. Ana hofu.

"Mjomba," akasema, "neno la Mama Ida silo unalolijua wewe. Liliwahi kuniharibia sinia zima."

"Sasa tunazungumza masinia?"

"Njoo jikoni uone. Nikikudanganya, kamba hii nitaikata mwenyewe."

Mjomba hakuondoa panga. Ndipo mmoja wa wabebaji akakohoa. "Mgaya, tumetembea maili nane na hatujala. Kama ni jikoni, kaone hayo masinia."

Siku ile shangazi alikuwa akichemsha makongoro kwa sherehe ya mmoja wa wachimba visima. Akachota upawa, akampa mjomba aonje.

"Ni nini hiyo?"

"Supu ya makongoro. Chumvi yake ndogo."

"Ni maji au si maji?"

"Ni maji."

Akaichuja mbele ya macho yake, akaimimina kwenye sinia lenye kina, juu ya nyama iliyochambuliwa, akaliweka stoo sakafuni. "Sikutia unga, umeona. Kesho jua likigusa bati la wodi, pindua sinia hili. Ikimwagika, mchukueni Lukelo. Ikisimama, mwacheni alale."

"Supu isimame?"

"Isimame."

Mjomba akafunga stoo, akatia ufunguo mfukoni. "Mpaka jua liguse bati," akasema. "Si zaidi ya hapo."

Kuna jambo shangazi hakumwambia. Kwato zilikuwa mbili badala ya nne, na mchana, supu ilipokaribia kukauka, alikuwa ameongeza kopo zima la maji. Akitazama mwezi wa saba ulivyo aliona baridi ni ya kutosha. Akikumbuka kopo lile, alitoka nje kupima baridi kwa kiganja. Mguu wa ndugu yake alikuwa ameuweka rehani kwa kwato mbili.

Wabebaji walijifunika blanketi la machela barazani, wote wanne. Mjomba aliweka kigoda mlangoni mwa stoo, akakaa na ufunguo wake.

Jogoo wa kwanza alipowika, uvumilivu ulimwishia. Shangazi alisikia ufunguo ukizunguka, akafika na taa ya chemli akamkuta amechuchumaa mbele ya sinia. Ukingoni supu ilikuwa imeanza kushika. Katikati ilikuwa bado inacheza, kama maji yaliyotuama kwenye unyayo wa ng'ombe. Mjomba akachovya kidole pale ilipoanza kushika, akakiinua mbele ya taa. Kinadondosha matone.

"Maji," akasema. "Twilumba, haya ni maji."

"Jua bado, Mjomba."

"Mtoto wa dada yangu nimemwacha amevutwa kwa kamba usiku kucha kama ngozi inayowambwa, kwa ajili ya maji." Akashika sinia kwa mikono miwili, akalinyanyua, akageuka nalo kuelekea mlangoni alimwage nje.

Mlangoni alisimama Mama Ida. Alikuwa ametoka kumzalisha yule mama, macho mekundu, aproni imelowa, amekuja kutafuta chai kwenye samawari. Hakujua habari ya machela wala ya panga. Aliona mzee asiyemfahamu amebeba sinia lake. Akanyoosha mikono yote miwili, akanong'ona kama unavyomnong'oneza mtu aliyebeba mtoto usingizini.

"Baba, taratibu. Usiamshe. Iko lala."

Mjomba akaganda palepale. "Huyu anasemaje?"

"Anasema supu imelala," shangazi akajibu.

"Imekufa?"

"Mjomba, supu inakufa?"

Mjomba akaitazama supu, akamtazama daktari. "Daktari," akasema, "na mguu wa Lukelo? Nimekuja kumbeba."

Mama Ida akalaza kiganja hewani. "Mguu pia lala. Lala, lala, lala." Kisha akakiinua kiganja polepole mpaka vidole vikaelekea juu. "Halafu simama. Wewe beba leo, yeye anguka. Kama supu."

Mjomba akaliteremsha sinia chini kwa uangalifu, hata supu isigonge ukingo. Akafunga mlango. Lakini hakuenda popote. "Nasubiri jua," akasema, akakaa tena kwenye kigoda. Shangazi akampa Mama Ida chai na jamu yake.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Jua likapanda taratibu nyuma ya miti ya miwati, likashuka kwenye matawi, likagusa bati la wodi. Mjomba akafungua stoo kwa mara ya mwisho. Wabebaji wakajaa mlangoni. Juu ya supu, karibu na ukingo, palikuwa na kishimo.

"Hapo ni mimi," mjomba akasema, akaficha kidole.

Akafunika sinia kwa ubao wa kukatia mkate, akashika huku na huku, akapindua. Hakikusikika kitu. Akatikisa. Hakikusikika kitu. Shangazi akakumbuka kopo la maji, akafumba macho. Kisha ikasikika pwa, na sinia likawa jepesi mkononi mwa mjomba. Akaliinua. Juu ya ubao supu ilikuwa imesimama, inang'aa kama kioo, na vipande vya nyama vinaonekana ndani yake. Ilitetemeka, lakini haikuanguka.

Halafu yule mbebaji mwenye njaa akaomba kisu. Alikata kipande kikubwa, akakipaka haradali kwa ukarimu asijue ni kitu gani, machozi yakamtoka. "Imesimama kweli," akasema. "Imesimama na ngumi."

Mjomba akakata kamba za machela. Blanketi akalirudisha kwa mwenyewe, na miti ile miwili akamkabidhi nesi. "Itunze," akasema. "Mtaihitaji." Ndiyo iliyochongwa magongo, na mwezi wa kumi Lukelo akasimama katikati yake. Gongo moja nimeliona kwa macho yangu, likiwa komeo la zizi la baba. Baba mwenyewe, ndiye Lukelo huyo, alikuwa amekwisha kurudi msituni kupasua mbao, kwa miguu yake miwili.

Lakini hayo ni ya mbele. Asubuhi ile mjomba aliingia wodini na kipande cha supu kwenye sahani, akamwonyesha Lukelo ilivyolala ikasimama. Akapiga goti mbele ya mkeka.

"Dada, mguu haukufa. Umelala usingizi wa kuamka."

Bibi Semgaya akanyoosha mkono, akaushika mguu wa mwanawe kwa mara ya kwanza tangu alipoambiwa neno lile. Ulikuwa wa moto. Akamtazama kaka yake, akatazama mfuko wa mchanga. Akajinyoosha juu ya mkeka wake. Mjomba hajaweka hata sahani chini, bibi alikuwa amekwisha kuzama usingizini, mdomo wazi, ncha ya shuka ingali kiganjani.

Shangazi akachuchumaa kando yake, akamgusa bega. "Mama, amka ule kidogo kwanza."

Lukelo akauteremsha mkono kutoka kitandani, akamzuia.

"Dada, mwache," akasema. "Supu ikilala husimama."