Mlima Uliolala Baharini

Paukwa!
Pakawa!
Mna kiu?
Tuna kiu.
Basi sogeeni, nikumiminieni.

Hapo kale palikuwa na kisiwa kiitwacho Chumvini. Visima vyake vyote vilikuwa vya maji ya chumvi, isipokuwa kimoja. Na juu ya hicho kimoja alikaa zimwi, jina lake Makaa.

Makaa alikuwa na moto tumboni. Akipiga mwayo, moshi hutoka. Ili apoe, alikalia kisima, na kila mwezi ulipoandama alimeza msichana mmoja. "Huenda huyu akanipoza," husema. Asipoe. Watu walitoa binti, ndipo wakapewa maji.

Safari hii zamu ilikuwa ya Kibibi, mdogo wake Mize. Wazazi wao walikuwa wamekufa, na Mize alimlea mwenyewe kwa kusuka mikeka.

"Dada, nikishamezwa nitasikia kiu tena?"

"Humezwi," Mize akasema. Lakini namna ya kumwokoa hakuijua.

Siku moja watu wakaona mlima mweupe ukielea nje ya miamba. Kipande kikamegeka, mawimbi yakakileta ufukweni. Mbuzi wa jumbe, mkuu wa kisiwa, akaja akakilamba.

"Mmeona?" akasema jumbe. "Mbuzi hupenda chumvi. Na cha baharini ni chumvi tu."

"Mize, chukua ukaungie mchuzi," mmoja akasema, na watu wakacheka.

Lakini Mize aliona mbuzi yule, aliyekuwa akilia kiu tangu asubuhi, amenyamaza. Akainama, akalamba. Baridi ikamuuma meno. Akalamba tena. Akalamba mara ya tatu.

"Hakina chumvi," akasema. "Ni maji yaliyolala."

Basi kila mtu akalamba, na jumbe akalamba kuliko wote.

Ila mlima ulikuwa mbali, na jua lilikuwa likiula. Jioni ulikuwa mdogo kuliko asubuhi.

"Tuufunike mkeka, tuuvute," Mize akasema.

"Mkeka gani wa kufunika mlima?"

"Wa nyumba zote."

Wanawake wakatazamana. Pale Chumvini kila ukoo ulisuka ukili wake, yaani ukanda wa mkeka, kwa rangi zake, na kuushona pamoja na ukili wa ukoo mwingine ilikuwa aibu.

"Ukili wangu na wa hawa majirani?" akasema Bi Tufaha, mkubwa wao. "Bibi yangu atafufuka."

"Akifufuka, bi mkubwa, atataka maji."

Bi Tufaha akacheka hata akapaliwa, kisha akatoa sindano yake. Wengine wakatoa zao. Wakashona mkeka mmoja wa rangi zote, wakaupeleka kwa mitumbwi, wakaufunika mlima, wakaufunga kwa kamba za makumbi ya nazi. Wakarudi mitumbwini, wakavuta wakiimba:

Njoo mlima, njoo nyumbani,
jua lisikuone njiani.

Wakaimba, haukusogea. Wakaimba, ukatikisika. Wakaimba, ukaja.

Ulifika ufukweni siku ile ile ya kuandama mwezi. Makaa alikuwa anashuka kumfuata Kibibi, akakuta watu wanakunywa.

"Nani amekunywa bila kuniomba?"

"Mimi," akasema Kibibi.

"Nani mwingine?"

"Mimi," akasema Bi Tufaha.

"Nani mwingine?"

"Na mimi kidogo," akasema jumbe, amejificha nyuma ya mbuzi wake.

"Maji yote ya Chumvini ni yangu."

Mize akasimama mbele ya mdogo wake, akasema, "Kama ni yako, babu, yakalie, kama unavyoyakalia yale ya kisimani."

Makaa akauvuta mkeka, akaketi juu ya mlima. Chwaaa! Mvuke ukapanda, na maji yakashuka kama mto. Watu wakakinga kwa mitungi, wakakinga kwa masufuria, wakakinga kwa vifuu.

Makaa hakuinuka. Alifumba macho. "Kumbe kupoa ndiko huku," akasema taratibu.

Moto ukazimika. Akaanza kutetemeka, meno yakagongana, kinywa kikafunguka. Akatoka msichana, akatoka mwingine, wakatoka wote aliowameza, kila mmoja akimwita mama yake. Ufukwe mzima ukawa vigelegele.

Na kila alipotoka mmoja, Makaa alipungua. Mwisho akabaki kizee kifupi, kimejikunyata.

"Mjukuu," akamwambia Kibibi, "nina baridi. Hamna uji?"

Jumbe akaokota fimbo. Mize akamshika mkono. "Mwache kwanza anywe. Moto ule aliubeba yeye, si sisi."

Kibibi akaleta bakuli la uji. Akaliweka chini mbali kidogo, maana huwezi kujua, akarudi kwa dada yake. Wakaenda wote wawili kisimani, wakachota, na hapakuwa na wa kumwomba.

Hadithi yangu imefika ukingoni, nami natua mtungi. Funzo lake ni hili: maji yanayokaliwa na mmoja ni kiu ya wote, yanayovutwa na wote humtosha hata adui.