Ngedere Aliyefukua Makumbi

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, hakuna aliyenyimwa wali hapa.

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na kisima chao, alikuwepo Ngedere na watoto wake. Kamba yake ya kutekea maji ilikuwa fupi. Kiangazi kinakuja, maji yanashuka. Kamba isipofika, watoto watakufa kiu.

Akakusanya makumbi ya nazi asokote kamba mpya. Akayapiga kwa rungu, pu! pu! pu! Nyuzi zimegandana. Haziachani, zinakatika vipande.

Jirani yake Bi Kenge, mkaa matopeni, akacheka.

"Wee Ngedere, unapiga makumbi au unapiga ngoma? Yafukie topeni kwanza, yaoze."

Akayafukia. Yakaanza kunuka. Fuu! Wapita njia wakaziba pua. Ngedere mpenda sifa akaona haya. Akayafukua, akayaosha, akayaanika juani.

Mara vijisauti vingi vikatoka topeni.

"Mwenyeji gani huyu! Anatukaribisha, kisha anaondoa sahani!"

Ngedere akaruka. "Nyie nani? Siwaoni!"

"Bakteria. Tumbua macho mpaka yatoke, hutuoni. Meno hatuna. Tunatema mate, tee, tee, yanayeyusha gundi iliyoshika uzi na uzi. Gundi ndiyo chakula chetu. Nyuzi ngumu, chukua wewe."

Gundi hiyo wajukuu zangu wanaiita pektini. Waiite watakavyo, ni gundi.

"Na harufu je?"

"Kwani jikoni kwako hakunuki?"

Bi Kenge akadakia, "Rudisha chakula cha watu, mwanamume! Au watoto wako watakunywa sifa?"

Ngedere akayarudisha, akayagandamiza kwa mawe. Bakteria wakatema, wakala. Wakatema, wakala. Maji kisimani yakashuka, Ngedere anangoja. Watoto wakaanza kulamba umande, Ngedere anangoja, kaziba pua.

Makumbi yakalainika. Akayafukua. Pu! pu! Nyuzi zikaachana bila ugomvi. Akasokota kamba ndefu, akafunga ndoo, akashusha. Ikashuka, ikashuka, ikashuka... chubwi!

Watoto wakanywa mpaka matumbo yakatuna.

"Lakini Bi Kenge, mikono yangu inanuka!"

"Nuka, baba. Wanao wamekunywa."

Funzo ndilo hili: kazi ya wadogo usiowaona ipe muda wake, usiikatishe kwa sababu pua yako imekasirika.

Ngano yangu naifunga hapa. Aliyesinzia, shauri yake.